Tuipime taa ya ndoana kama tunavyopima mbegu



Katika mkutano mkuu wa kooperativi yetu, huku kwetu kando ya ziwa Tanganyika upande wa Fizi, komite ilileta wazo: tutoe franga za kasa, tutengeneze ndoana 200 zenye taa ndogo, kisha wanamemba wazichukue kwa deni na kulipa kidogo kidogo kila mwezi. Watu walipiga makofi. Mimi niliyetengeneza ile ya kwanza nilisimama nikasema: hapana, bado. Watu walishangaa. Mmoja akasema: «Papa anataka abaki na siri yake peke yake.» Mvua ilikuwa inakuja, mwenyekiti akafunga mkutano, na mimi sikupata nafasi ya kujieleza.

Njo maana ninaandika hapa. Siri sina. Nitawaambia yote, hata yale yanayonipa haya. Kisha ninyi wenyewe mtaamua.

Namna taa ilivyozaliwa

Wengi wetu ni watu wa jembe na wa ziwa pia. Mchana tuko kwenye muhogo, usiku tuko kwenye mtumbwi. Tangu zamani wazee wetu walijua kwamba mwanga unaita samaki. Waliwasha moto wa kuni juu ya mtumbwi, wakachota ndagala kwa lusenga. Halafu zikaja taa za petroli za kupampu, na leo kuko taa za batri na za jua. Samaki hapendi taa kama vile mtoto anavyopenda sinema. Tuvidudu tudogo twa majini tunakusanyika kwenye mwanga, ndagala wanafuata tuvidudu, na mukeke anafuata ndagala. Ni chakula kinachoita.

Mimi ninavua mukeke kwa uzi na ndoana. Nilijiuliza: kama taa kubwa juu ya maji inaita, je, taa ndogo kule chini karibu na ndoana haiwezi kuita? Sikuwa na franga za kununua kitu. Nilichukua kile kiberiti cha gazi chenye tochi kwenye mkia, kinachouzwa kila pahali. Gazi ilikuwa imekwisha, lakini tochi ilikuwa nzima. Ndani yake kuko taa moja nyeupe na mabuye matatu madogo kama kifungo cha shati. Niliyapanga mabuye yale moja juu ya lingine, nikabana miguu ya taa huku na huku, mguu mrefu upande wa alama ya kujumlisha, nikafunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Kisha nikatia vyote ndani ya chupa ndogo ya dawa ya sindano, ile yenye kizibo cha mpira. Muuguzi alinipa chupa tupu za dawa, nikazichemsha kwanza.

Ya kwanza ilikufa usiku ule ule. Maji yaliingia. Ukishuka mita 10 ndani ya ziwa, maji yanasukuma kwa nguvu ya karibu kilo moja juu ya kila pahali penye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Ukishuka mita 30 ni kilo tatu. Hewa iliyo ndani ya chupa inabanwa, kizibo kinasogea, maji yanapita. Nilijaza nta ya mshumaa, ikapasuka. Mwishowe nilijaza chupa mafuta ya kupikia mpaka juu, bila kuacha hewa hata kidogo, kisha nikafunga. Mafuta hayapitishi umeme, wala hayabanwi kama hewa. Msitumie mawese: ni mekundu na mazito, mwanga haupiti. Tumieni yale mafuta meupe ya dukani.

Namna nilivyojisifu

Usiku wa kwanza taa ilipokaa vizuri, nilirudi na mukeke 11. Wenzangu wa pembeni walikuwa na watatu, wanne. Asubuhi nilitembea pwani kama mtu aliyeoa jana. Kila aliyeniuliza nilimwambia: «Ni taa.» Kabla ya juma kuisha, kijana mmoja jirani yangu alikuwa amenunua viberiti 15 kwa deni, akatengeneza taa, akaziuza. Watu walinunua kwa sababu ya mdomo wangu.

Halafu usiku wa pili nilipata wanne. Wa tatu, wawili. Wa nne nilipata tisa. Nilipokuwa napata wengi nilisema ni taa. Nilipokuwa napata wachache nilisema ni upepo, ni mwezi, ni kelele za moteri. Taa yangu haikukosa hata siku moja! Mke wangu alikuwa ananisikiliza akitwanga sombe. Akaniuliza: «Baba, siku ukipata ni taa, siku ukikosa ni upepo. Sasa siku gani itakuwa kosa la taa?» Sikuwa na jibu. Akaongeza: «Na unajuaje kama ni mwanga? Labda ni ile chupa inayong'aa.»

Maneno hayo mawili yalinizuia usingizi. Nikakumbuka ule mwaka tuliponunua mbegu za mahindi kwa maneno matamu ya mfanyabiashara, kooperativi nzima, bila kujaribu hata kwenye mstari mmoja. Sehemu kubwa haikuota. Tulilipa deni bila mavuno. Toka siku ile tulijiwekea sheria: mbegu mpya lazima ipite kwanza kwenye kishamba cha majaribio, pembeni ya mbegu ya zamani, udongo ule ule, siku ile ile ya kupanda, mbolea ile ile. Sasa mimi nilikuwa nauzia watu taa kwa maneno matamu, na mfanyabiashara alikuwa mimi.

Namna tulivyopima

Nilimuomba yule kijana jirani tufanye kazi pamoja. Tulitoka usiku 12, sita wa giza na sita wa mwezi mkubwa. Katika mtumbwi mmoja tulishusha nyuzi tatu. Ya kwanza ilikuwa na chupa yenye taa inayowaka. Ya pili ilikuwa na chupa ile ile, mafuta yale yale, lakini mabuye yamekufa, hakuna mwanga. Hiyo ilikuwa jibu kwa swali la mke wangu. Ya tatu ilikuwa ndoana tupu kama ya kila siku. Ndoana zote za namba moja, chambo kile kile cha vipande vya ndagala, urefu ule ule wa uzi. Chupa ilikaa nusu mita juu ya ndoana.

Kila usiku tulibadilisha pahali: uzi uliokuwa mbele jana, leo uko katikati, kesho nyuma. Tulibadilisha mikono pia, kwa sababu niliona kwamba anayeshika uzi wa taa anakaa macho sana, na anayeshika uzi mtupu anapiga usingizi. Tulivua toka saa moja ya jioni mpaka saa sita ya usiku, halafu tunaandika kwenye kaye: tarehe, mwezi, upepo, na samaki wangapi kwa kila uzi. Tuliandika usiku mbaya sawa na usiku mzuri.

Matokeo ni haya. Usiku sita za giza: uzi wa taa 34, uzi wa chupa bila mwanga 22, uzi mtupu 21. Usiku sita za mwezi mkubwa: uzi wa taa 15, uzi wa chupa bila mwanga 14, uzi mtupu 16.

Mnaona? Chupa peke yake haifanyi kitu. Mwanga unasaidia, lakini wakati wa giza tu. Mwezi ukiwa mkubwa, ziwa lote liko na taa ya Mungu, na kataa kangu kanapotea kama mshumaa mchana. Wavuvi wa taa kubwa wanalijua hilo siku nyingi, njo maana wanapumzika wakati wa mwezi mpevu. Na zile 11 za usiku wa kwanza? Sijaziona tena. Ilikuwa bahati, mimi nikaiita akili.

Mtaniambia usiku 12 ni chache. Ni kweli, na mtumbwi ulikuwa mmoja. Ndiyo maana siwaambii kwamba taa ni nzuri kwa kila mtu. Ninawaambia tulichokiona sisi wawili.

Hesabu ya kweli

Komite ilihesabu hivi: taa moja inaongeza samaki kama wawili kwa usiku, taa 200 zitaongeza samaki 400 kwa usiku. Kwa hesabu hiyo deni linalipwa upesi. Mimi ninaona makosa matatu katika hesabu hiyo.

Kosa la kwanza: zile samaki mbili ni za usiku wa giza. Kwetu, katika usiku sita za giza, taa iliongeza samaki 13 juu ya uzi mtupu, ndiyo hizo mbili na kidogo. Usiku za mwezi iliongeza sifuri, na mabuye yaliisha bure. Mabuye ya kiberiti yanafanya kazi usiku mbili, wa tatu mwanga unafifia. Usiku sita ni seti tatu za mabuye. Katika usiku 12 tulipoteza pia chupa mbili, uzi ulikatika kwenye mawe. Ukiuza samaki 13 na kuondoa viberiti vitatu na chupa moja, bado unabaki na faida. Lakini ni faida ya mtu mwangalifu, anayevua wakati wa giza tu. Si faida ya kila mtu kila siku.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, na hapa ninawaomba wakulima mnisikilize vizuri. Mbegu nzuri inaleta mahindi ambayo hayakuwapo. Taa haizai samaki. Inamuita tu yule mukeke ambaye pengine angekwenda kwa jirani. Mimi nikiwa na taa peke yangu, nawavuta kwangu. Wote 200 tukiwa na taa, nani anamvuta nani? Labda tutapata wote kidogo zaidi. Labda tutapata sawa na zamani, na juu yake tuko na deni la taa. Mtumbwi mmoja hauwezi kujibu swali hilo. Huwezi kuchukua faida ya mtu mmoja ukaizidisha mara 200, kama vile watu wote wakipanda vichwani mwa wenzao hakuna anayeona mpira vizuri zaidi.

Kosa la tatu ni kalenda. Nchi nne za ziwa hili, Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zimepatana kulipumzisha ziwa miezi mitatu kila mwaka, toka 15 Mei mpaka 15 Agosti, samaki wapate kuzaa na kukua. Deni la kulipa kila mwezi litalipwa na nini katika miezi hiyo? Litalipwa na muhogo wa mke wako, au na kwenda ziwani kwa kujificha usiku. Mkopo unaomsukuma mwanamemba kuvunja kanuni ya ziwa ni mkopo mbaya, hata kama taa ni nzuri.

Uchafu na hatari

Kuko jambo lingine ambalo hatukuliongelea mkutanoni. Yale mabuye madogo yana sumu ndani yake. Chupa zangu mbili ziko chini ya ziwa mpaka leo, na maji ya ziwa hilo njo tunakunywa. Mbili si kitu, mtasema. Lakini fanyeni hesabu ya komite upande huu pia: mitumbwi 200, kila mmoja anapoteza chupa, na kila baada ya usiku mbili anatupa mabuye matatu kwenye mchanga, pale watoto wanapocheza.

Wamama na wababa, shikeni neno hili: mtoto akimeza buye dogo la namna hii, linaweza kumuunguza koo kwa ndani katika masaa machache. Msingoje litoke lenyewe. Mpelekeni hospitali wakati ule ule.

Na ninyi vijana ambao mmeshaanza kuniuliza kama mnaweza kuongeza nguvu: taa hii ni ya mabuye madogo, haimdhuru mtu akiigusa. Kamwe msishushe waya wa grupu ya umeme ndani ya maji. Hiyo si kuvua. Inaua wakubwa na wadogo, na inamuua mvuvi mwenyewe, kwa sababu mtu aliyelowa ndani ya mtumbwi wenye maji hana pa kukimbilia.

Kwa nini bado naiamini taa

Mtu akisoma mpaka hapa atadhani ninaichukia kazi ya mikono yangu. Hapana. Ninaiamini kwa sababu moja: ni ya ndoana. Ndoana kubwa inachagua. Inamkamata mukeke mkubwa, inamuacha mtoto wake apite. Kokoro ya pwani na chandarua cha mbu vinachota vyote, mayai na watoto, halafu tunashangaa kwa nini samaki wanapungua. Kama taa ndogo inaweza kumfanya mvuvi wa uzi apate chakula cha nyumba yake bila kukimbilia chandarua, basi inafaa tuihangaikie. Lakini taa hiyo hiyo, mtu akiifunga kwenye kokoro, inakuwa adui. Kwa hiyo kanuni lazima itangulie taa.

Ninachoomba

Komite isitoe franga za kasa kwa sasa. Kwanza tufanye shamba-shule letu ndani ya maji. Kila kijiji kichague mitumbwi mitano. Waanze wote pamoja, toka mwezi mpya mpaka mwezi mpya mwingine. Nusu ya kwanza ya majaribio mtumbwi mmoja tu katika kila kijiji uwe na taa, minne isiwe nayo. Mwezi unaofuata mitumbwi yote mitano iwe na taa. Hapo tutajua kama taa inaongeza samaki wa kijiji, au inawahamisha tu toka mtumbwi huu kwenda ule. Chupa na viberiti kwa majaribio hayo si vingi, kila mjaribu anaweza kuvitafuta mwenyewe.

Kila mtumbwi uwe na kaye na mtu anayejua kuandika. Kuandika usiku mbaya ni lazima. Anayeandika usiku nzuri tu, tumtoe.

Mabuye yaliyokufa yarudishwe kwenye depo ya kooperativi, ndani ya bidoni lenye kifuniko. Hakuna buye jipya bila kurudisha la zamani.

Taa iwe ya ndoana kubwa tu. Atakayeonekana nayo kwenye kokoro au chandarua, aondolewe kwenye majaribio na asipewe mkopo.

Na kama mwishowe tutatoa mkopo, malipo yasimame toka 15 Mei mpaka 15 Agosti.

Kuhusu yule kijana jirani yangu: wale walionunua taa zake kwa sababu ya kelele zangu, nimewaambia wamrudishie wakitaka, na nusu ya hasara ni yangu. Tayari nimelipa viberiti sita. Ni bei ya mdomo, na nilistahili kuilipa.

Mke wangu anasema bado kuna swali moja ambalo hatukulipima: taa nyeupe au taa ya kijani? Tunajua kwamba ndani ya maji rangi nyekundu inapotea kwanza, na kijani na bluu zinafika mbali. Sina taa ya kijani. Kama kuko mwanamemba aliye nayo, tochi ya kuchezea mtoto au taa ya redio iliyokufa, aniletee. Mwezi wa giza unaanza juma lijalo, na kaye bado iko na kurasa.